Wes Pettifer na Barabara ya Wirrindi

Wakubwa wana watu wa kuwaandika. Wes Pettifer, dereva wa greda, hajawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye ukuta wa choo cha baa ya Tarrabin, na hapo aliandikwa kwa hasira na dereva wa lori la bia aliyezuiwa kupita. Mimi naona hiyo haitoshi.

Namfahamu tangu hajui kufunga kamba za viatu. Nilikuwa darasa la mwisho katika shule yetu ya mwalimu mmoja alipoletwa kuanza la kwanza, akilia, na mwalimu akanipa kazi ya kumshika mkono. Shule ile imeshageuka ghala la sufu. Mimi sikuendelea na nyingine, na Wes vilevile, lakini hatujawahi kupotea njia.

Barabara ya kutoka kwetu kwenda Wirrindi haina lami. Ikiwa kavu ni vumbi tu, vumbi la kuingia hadi kwenye sukari. Ikinyeshewa, ule udongo mweusi unavimba kama unga uliotiwa hamira, unashika magurudumu hadi hayazunguki. Mpumbavu akilazimisha kupita, anaacha mitaro nyuma yake, na jua likirudi mitaro ile inakauka kama saruji na kuvunja magari ya wenzake miezi mitatu, minne. Ndiyo maana kwetu huku mwizi wa kondoo anaweza kusamehewa, akazeeka, akaketi na watu. Lakini aliyepita barabara ikiwa mbichi hasahauliki. Wajukuu zake wataambiwa.

Kazi ya Wes ni kuisawazisha barabara hiyo ikikauka na kuifunga ikilowa. Mabao ya kuifunga, vibao vikubwa vya BARABARA IMEFUNGWA, ameyapaka rangi mwenyewe, moja upande wetu na jingine upande wa Wirrindi, herufi zake zimelala ubavu kama kondoo waliochoka. Akishaliweka bao lake, hapiti mtu. Lori la bia alilizuia siku moja kabla ya mbio za farasi, na mji mzima ukamnunia hadi Krismasi. Akamzuia askofu aliyekuja kuwabariki watoto, mvua ikiwa imemkuta hatua chache kabla ya bao la kwetu. Askofu alibaki upande wake wa bao, watoto wakatembezwa hadi upande wetu, wakabarikiwa katikati ya tope wakiwa wamevaa mabuti ya mpira. Mmoja wao ni Gav, ambaye leo ndiye mwenye baa, na anasema baraka yake ilinata vizuri kuliko ya mtu yeyote.

Msimdhanie Wes kuwa mtu mkavu. Miezi ya baridi inapofika na wasafiri wakaanza kushuka na mto wakiburuta nyumba-gari zao, wengi wastaafu, mume kwa mke, wanaomkumbuka zaidi ni yeye. Analisimamisha greda lake katikati ya njia, anazima injini, anawaambia wakirudi wasiuache ule msikiti wa mabati uliojengwa na wachunga ngamia Waislamu wa zamani kwenye makaburi ya Wirrindi, na meli ya moshi iliyozama mtoni Goonda, nusu ya njia, waitazame asubuhi, si jioni. Kisha anawaambia wakifika Tarrabin wale skonzi kwa Nola. Nola ndiye mimi. Nina chumba cha chai katika jengo la posta ya zamani, na kwa miaka yote hiyo Wes hajawahi kuniomba hata skonzi moja ya bure kwa kazi hiyo ya kunitangaza. Namshukuru hapa, maana uso kwa uso hataki kushukuriwa. Anaanza kuangalia matairi.

Mkewe, Glenys, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Walikuwa na mtoto mmoja, Lorelle, ambaye alisomea uuguzi akaenda kufanya kazi Norwe, akaolewa huko na fundi wa maboti aitwaye Sindre. Mara ya mwisho Lorelle kuonekana Tarrabin ilikuwa kwenye maziko ya mama yake. Alifika, akazika, kesho yake akaondoka. Hawakugombana na baba yake. Kila mmoja alikuwa na kilio chake mkononi na hakuna aliyejua pa kukiweka. Baada ya hapo zikawa simu za Krismasi, kisha miaka ikapita kama inavyopita.

Basi mwaka juzi Lorelle akapiga kusema anakuja mwezi wa Julai. Wamekodi nyumba-gari, anataka kumwonyesha mumewe miji midogo ya mto, mmoja baada ya mwingine, na kituo cha mwisho kiwe Tarrabin kwa baba. Na wanaye mtoto wa kike wa miezi saba, anaitwa Runa.

Wes hakusema neno kwa mtu. Tulijua kwa sababu ya barabara. Aliisawazisha, akarudia, akarudia tena. Gav akamwambia, "Mzee, ukiendelea hivi tutahamia kulala huko. Kitanda changu kina mabonde kuliko hiyo njia yako."

"Kalale," Wes akamjibu. "Nikupitie juu na greda."

Mvua ilianza alfajiri ile waliyokuwa wafike. Wala haikuwa mvua ya kupita. Ilitulia juu yetu kama kuku juu ya mayai. Wes alikwenda kuweka bao lake, akapiga redio Wirrindi nao wakaweka la kwao. Aliporudi, simu ikalia chumbani kwangu, kwa maana simu za mkononi hapa kwetu zinashika ukipanda juu ya tangi la maji tu. Nikamwita. Akaja na tope hadi magotini, akachukua mkono wa simu, na neno la kwanza alilomwambia mwanawe aliyekuja kutoka mbali hivyo likawa:

"Barabara imefungwa."

Alilisema kwa ile sauti yake ya kazi. Nikafumba macho. Chumba kilikuwa kimya, nikamsikia Lorelle kwa upande ule.

"Najua, baba. Nimesimama mbele ya bao. Mwandiko wako haujanyooka bado."

"Hujambo?"

"Sijambo. Itakauka lini?"

Wes akatazama dirishani. "Kwa baridi hii, wiki. Zaidi ya wiki, isiponyesha tena. Na itanyesha."

"Baba, tuna ndege ya kuwahi Sydney."

"Ndiyo."

"Tukikaa hapa kungoja, siku zetu zitaishia hapa."

"Ndiyo, mama."

Hapo ndipo palipokuwa na mzigo. Barabara nyingine ya kuja kwetu hakuna. Wangekaa Wirrindi wakingoja jua, kisha wangegeuza nyumba-gari yao na kurudi zao Norwe, na Wes asingemwona mwanawe, wala kumbeba mjukuu wake hata mara moja. Na mtu pekee aliyeweza kuliondoa lile bao alikuwa yeye.

Mchana ule wote waliokuwepo mjini walikuwa baa, kwa kuwa mvua haina kazi nyingine. Wes aliingia akaagiza chai. Gav akaweka kikombe mbele yake, akaegemea kaunta.

"Mzee, sikiliza. Nyumba-gari moja tu. Mpe ruhusa apite taratibu, mitaro utaifukia mwenyewe, nani atajua?"

"Ninyi."

"Sisi hatutaona kitu." Gav akageuka, akawapa watu ishara, na wallahi watu wote waliokuwa ndani, wake kwa waume, wakageuza viti wakatazama ukuta. Mzee mmoja kiziwi naye akageuka, ingawa hakujua kwa nini. Walikaa hivyo, migongo kwa Wes, na katika migongo ile mlikuwa na ya watu aliowahi kuwazuia wakiwa na harusi, na mnada wa kondoo, na jino linalouma. Sijapata kuona heshima iliyonigusa kama ile.

Wes alikunywa chai yake yote. Kisha akasema, "Asanteni. Geukeni sasa, mtaumwa shingo." Alipofika mlangoni akaongeza, "Nikimfungulia wangu, mvua ijayo nitamfungia nani?" Akatoka.

Mimi sikurudi kwenye skonzi zangu. Nilivaa buti, nikateremka kwa Myra.

Myra ni Mbarkindji, wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Ukoo wake ulikuwa ukivua kwenye mto huu kabla ya kuwepo neno barabara, na vijana wote, wake na wa wenzake, wanamwita Shangazi. Tuna umri mmoja na tumegombana tangu utotoni, kwa hiyo tunaelewana. Nilimkuta barazani akitengeneza ndoana, paka akiwa juu ya miguu yake.

"Umekuja kuomba boti," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mto umejaa, barabara imefungwa, na wewe Nola hujawahi kuja kwangu kwenye mvua kunisalimia. Kaa. Usimkanyage paka."

Mvua za kaskazini zilikuwa zimeshuka wiki iliyotangulia na maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mizizi ya mikaratusi. Miaka mingi mto wetu ni madimbwi tu, hata sufuria haielei. Mwaka ule ungeweza kupitisha meli. Kwa barabara, Wirrindi ni mwendo wa saa moja na ushee. Kwa mto, unavyojikunja kama utumbo wa mbuzi, ni siku nzima, na katikati kuna magogo yanayoelea chini ya maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Mimi siendi hadi Wirrindi na kurudi kwa siku moja," Myra alisema. "Trudy wa Goonda awachukue kule awafikishe kwake. Kutoka Goonda ni juu yangu. Na yule mume abaki na gari. Boti yangu ni ya watu, siyo ya Wanorwe wazima."

Tukakubaliana tusimwambie Wes. Gogo likipasua boti, au mvua ikizidi, angekuwa amenyimwa mara mbili. Basi Lorelle nikampigia simu kutoka kwangu, na Trudy tukamwita kwa redio. Trudy na mumewe ndio wenye shamba la kondoo la Goonda, nusu ya njia. Tulijiona wajanja: hatukutaja jina la mtu. Tulisema kuna "kifurushi kikubwa" na "kifurushi kidogo" vya kuchukuliwa Wirrindi kesho, vije na mto, na kile kidogo kisilowe.

Sasa nisikilizeni upumbavu wetu. Redio ile ni moja kwa mto mzima. Kila shamba inaning'inia jikoni, iko kwenye kila gari, kila trekta. Tumeishi nayo maisha yetu yote. Tunajua nani kapata homa na mbwa wa nani kazaa kwa kuisikiliza hiyo hiyo. Na bado sisi wawili, wenye umri kama wetu, tulikaa tukapanga siri ndani yake.

Kesho yake Myra aliondoka kabla jua halijachomoza, kupanda hadi Goonda kungoja. Mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Nilikaa kando ya redio yangu na kazi ya kukanda unga. Saa tatu hivi ikaanza.

"Vifurushi vimepita kwangu," ilisema sauti ya mwanamume wa shamba la kwanza. "Kidogo kinalia."

"Kimenyamaza sasa," wa pili akasema. "Mke wangu amewapa supu kwa mti mrefu."

"Supu gani?"

"Ya mkia wa ng'ombe."

"Basi ndiyo maana kimenyamaza."

Ikawa hivyo kona kwa kona. Watu wa mashamba ambao barabara iliwatenga kila mmoja na tope lake walikuwa wametoka wakasimama ukingoni kungoja boti ipite. Mmoja alikoka moto mkubwa ili Lorelle ajue amefika wapi. Mwingine alikuja na mkate wa kuokwa majivuni umefungwa kwenye taulo. Baadaye Lorelle aliniambia kwamba alitoka Norwe na orodha ya mambo ya kumwonyesha mumewe, na meli ya Goonda ilikuwa ya kwanza, lakini maji yalikuwa yameimeza, umebaki mdomo wa bomba la moshi na ndege mweupe amesimama juu yake. "Nikamwonyesha Runa yule ndege," alisema. "Nikamwambia huyo ndiye nahodha."

Saa nane ikapita, na Myra akasema yuko kwenye kona ndefu juu ya mji, penye magogo, tumwache asikilize maji. Redio ikanyamaza. Ndipo ikaingia sauti moja, ya kukwaruza, na sauti ya greda nyuma yake.

"Myra."

Injini ikazimwa.

"Myra, hicho kifurushi kidogo kimevaa kofia?"

Nawaambia, ni Wes huyo. Alikuwa amesikia kila kitu tangu jana, tangu neno letu la kwanza. Amekaa ndani ya greda lake lililofungwa na tope, anasikiliza mwanawe akija shamba kwa shamba, hakuthubutu kugusa kitufe.

"Kimevaa mbili," Myra akasema. "Na sweta yangu. Sasa toka hewani, Wes, nina gogo hapa kubwa kama mama mkwe wako."

Tulikuta Wes ameshafika kwenye gati la zamani kabla yetu. Gati letu ni la siku za meli za moshi, mbao zake nyeusi, na wasafiri hupenda kupigwa picha hapo ingawa hakuna kinachotia nanga tangu babu zangu. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, maji yanamlamba buti, kofia ameishika kifuani. Watu walikaa nyuma yake, mbali kidogo. Gav alikuwa amefunga baa, jambo ambalo hata kwa maziko hafanyi.

Boti ilikata kona. Myra nyuma kwenye mashine, koti la manjano. Mbele Lorelle, amemkumbatia mtoto ndani ya jaketi la kuokolea lililomzidi, inaonekana pua tu. Myra alizima mashine akaacha boti ijilete. Wes aliishika kwa mikono yote miwili, akaivuta kwenye ngazi, kisha akabaki ameishikilia vile vile kana kwamba ingekimbia.

"Baba," Lorelle akasema, "umezeeka."

"Na wewe umelowa."

"Mshike basi, mikono imeniisha."

"Mikono yangu ina grisi."

"Baba! Nimekuja na mto."

Akampokea. Runa alimtazama, akatazama kofia, akaweka kiganja kwenye mdomo wa babu yake na kukiacha hapo, kama anayemzuia kusema barabara imefungwa. Machozi yalimteremka hadi kwenye vidole vya mtoto, na mtoto akavilamba, akakunja uso kwa chumvi. Ndipo sisi wote tukacheka, tukapata ruhusa ya kulia.

Lorelle alikaa. Alilala katika chumba chake cha zamani, alikwenda pamoja na baba yake kwenye kaburi la mama yake, wakarudi wamechelewa na hawakusema walichozungumza, na hakuna aliyeuliza. Sindre alipiga simu kila jioni kutoka Wirrindi, ambako wasafiri wengine waliokwama walikuwa wamemfundisha kucheza karata na kumla pesa vizuri.

Jua likatoka. Kila asubuhi Wes alikwenda kwenye bao lake na kusukuma kisigino chake ardhini, kuona kinazama kiasi gani. Gav alijitolea kumwaga ndoo ya maji pale kila alfajiri. "Ndoo mbili, mzee, na hakuna atakayejua." Wes alicheka, lakini sikuona akicheka kwa macho, maana redio ilikuwa inatangaza mvua nyingine inakuja. Mto nao ulishaanza kushuka, mawe ya Goonda yamechungulia. Kwa boti hakuna kurudi tena. Angesema bado ni tope, kwa siku moja tu, mvua ile ingefunga njia upya na ndege ingeondoka Sydney bila wao. Hakuna mtu Tarrabin ambaye angembishia. Nusu yetu tulikuwa tunamwombea aseme.

Asubuhi ya siku ile alikwenda, akasukuma kisigino, akasimama muda. Kisha akaling'oa bao, akalitupa nyuma ya gari.

Sindre alifika kabla ya saa sita, nyuma yake msururu wa nyumba-gari zote zilizokwama, na nilimaliza skonzi, jemu, na maziwa. Walipakia baada ya chakula, mbingu upande wa magharibi ikiwa tayari na rangi ya risasi. Nilikuwa nimebeba kapu lao la njiani, kwa hiyo nilisikia, ingawa halikuwa langu kusikia.

"Baba, ungeweza kusema bado mbichi."

"Ningeweza."

"Nami nisingekasirika."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Wes alikuwa akifunga mkanda wa kiti cha Runa, na mkanda ule una vifungo vya kumtoa mtu jasho. Akaufunga kwanza.

"Kwa sababu utataka kurudi," akasema. "Na siku hiyo utanipigia uniulize barabara ikoje. Nataka ukiniuliza uniamini."

Lorelle alishuka kwenye gari tena, akamkumbatia, na safari hii hawakuwa na haraka.

Mvua ilishuka jioni wakiwa wameshafika kwenye lami. Wes alikuwa ameshaliweka bao lake, akaja chumbani kwangu akaketi, nikamwekea skonzi ya mwisho niliyoificha. Aliila akitazama simu. Mimi, na mji huu, na mto wote huu, hatumdai kitu mtu huyu, tumepewa tayari.

Mwaka jana, mwezi wa nane, simu ililia. Niliipokea mimi, nikamwita Wes, nikampa.

"Kavu kabisa," nilimsikia akisema. "Tupu. Njooni."